Mashine ya Buni Isiyotaka Buni

Uvumilivu uliniisha pale mpini wa mashine mpya ya kukaangia buni uliponibaki mkononi. Ndani, buni ilikuwa nusu mbichi nusu makaa, na wageni waliokuja kumposa wifi yangu wameshakaa sebuleni wakingoja kahawa. Mtoto wangu, mgongoni, akacheka.

Mashine tuliinunua kwenye duka moja la Makadara. Mavyaa, mamake mume wangu, aliigonga kwa kidole kama agongavyo chungu, akatega sikio. "Haina ufa, mwanangu. Hii itanizika." Tulipofika tu nyumbani akamgawia jirani kikaango chetu cha chuma.

Basi nikakimbia kwa jirani kukiazima kikaango changu mwenyewe! Kahawa ikanyweka, posa ikapita.

Asubuhi nikairudisha mashine dukani. Mwenye duka akaishangaa. "Kwani dada, ulitia buni?"

"Nitie nini, nguo?"

Nikaomba karatasi, nikamwandikia palepale: "Kwa mwenye duka. Nalalamika rasmi kwamba mashine yako ya kukaangia buni haitaki buni. Nataka kikaango cha chuma badala yake. Mavyaa asikigonge."