Pembe Niliyoibadilisha

Baba yangu alikuwa mpimaji wa ardhi. Kwa miaka zaidi ya thelathini alipima viwanja vya mji huu wa Bujumbura, kwanza kama mtumishi wa serikali, halafu, alipostaafu, kwa watu binafsi waliokuja kumwulizia nyumbani kwetu Buyenzi. Mimi ni binti yake, mtoto wake wa mwisho, na wa pekee aliyemfuata katika kazi. Nilisoma upimaji chuoni nikajifunza zile mashine mpya zinazotoa namba zenyewe, lakini kila alipopata kazi alinichukua, na tukifika kiwanjani utaratibu ulikuwa uleule: yeye anaangalia, mimi ninaandika.

Chombo chake kilikuwa teodoliti ya zamani ya Uswisi, yenye rangi ya kijani iliyobanduka kwenye mabega. Alinifundisha kuitumia nikiwa bado sekondari. Unasimamisha stendi ya miguu mitatu, unashusha timazi mpaka ncha yake iguse alama iliyo chini, unakaza na kulegeza skrubu mpaka kiputo cha pimamaji kitulie katikati. Ndani kuna duara la kioo lililochorwa mistari myembamba ukingoni. Unaelekeza darubini kwenye kitu cha kwanza, unasoma namba. Unaigeuza hadi kitu cha pili, unasoma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo pembe.

Sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa tunaligawa duara katika gradi mia nne, na kila gradi katika dakika mia. Dakika moja ni kitu kidogo mno, ila baba alijua kuifanya ishikike. Alikuwa akiniambia kwamba ukisimama mita mia kutoka ukutani, dakika moja ni upana wa kidole.

Hakuamini usomaji mmoja. Akishasoma, aliipindua darubini, akaizungusha nusu duara, akalenga vitu vilevile kwa upande wa pili. Kama chombo ni kizima na jicho ni zima, namba za upande wa pili hutofautiana na za kwanza kwa gradi mia mbili kamili. Upande wa kwanza aliuita maneno, wa pili aliuita shahidi.

Mwanamke aliyekuja kwetu mwanzoni mwa mvua zile alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akivuka kila wiki na marobota ya vitenge, na mumewe alipakua mizigo bandarini. Walikuwa wamejenga Kinanira, kwenye mtelemko, karibu na korongo ambalo kila mwaka maji hulila kidogo. Ukuta wa chumba chao cha kulala ulikuwa umepata ufa. Fundi mmoja aliwaambia ni lipu tu, mwingine akawaambia wahame. Alitaka kujua kama nyumba inasogea au haisogei.

Baba aliichukua kazi hiyo kwa furaha, kwa sababu haikuwa ya kawaida. Alichagua mahali ng'ambo ya korongo, mita tisini hivi kutoka kwenye nyumba, ambako ardhi ilikuwa mwamba, akachimbia nondo kwenye zege. Kwenye kona ya nyumba tukapigilia msumari na kuuzungushia rangi nyekundu. Kitu cha kwanza cha kulenga kilikuwa mnara wa simu juu ya kilima cha mbali, ambao hauendi popote. Cha pili ni msumari. Kila mwezi tungerudi, tusimame juu ya nondo ileile, tupime pembe ileile. Nyumba ikisogea, pembe itakua.

Mara ya kwanza tulipata gradi sitini na mbili na dakika arobaini na moja. Mwezi uliofuata, arobaini na mbili. Baba alikuna kidevu akasema dakika moja si kitu cha kuamulia, inaweza kuwa ardhi, inaweza kuwa sisi. Mume wa yule mama alituletea chai. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyependa kuuliza maswali. Aliomba kuchungulia kwenye darubini, akacheka alipoona nyumba yake imepinduka, paa chini na mlango juu, maana vyombo vya zamani huonyesha hivyo. Alichungulia muda mrefu. Alisema anaona mpaka kamba ya kuanikia nguo.

Katika miezi hiyohiyo nilianza kuona kwamba baba ana shida. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Alikanyaga ngazi ambayo haipo. Watu walimsalimia wakipita ubavuni kwake naye hakuitikia, wakadhani amekuwa na maringo. Nilimpeleka Kamenge, kwenye hospitali, wakampima nusu siku nzima. Daktari alituambia ni presha ya macho, imekuwepo kwa miaka bila kuuma. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilikuwa limepoteza pembeni, ila katikati lilikuwa bado linaona. Dawa za matone zingechelewesha, zisingerudisha kilichokwenda.

Daktari alisema hayo yote waziwazi. Mimi nilisikia neno moja tu: kipofu.

Tulirudi Kinanira mara ya tatu asubuhi yenye mawingu. Nilisimamisha chombo mwenyewe, kwa sababu sikutaka aipige teke stendi. Baba aliinama, jicho la kulia kwenye darubini, mkono ukitafuta skrubu kwa mazoea. Akasoma mnara, akasoma msumari.

"Arobaini na tano," alisema.

Nilihesabu haraka kichwani. Dakika tatu kwa mwezi mmoja. Nikamwomba arudie. Akaipindua darubini, akazunguka, akalenga upya. Upande wa pili ulitoa pembe ileile, pungufu kwa sehemu ndogo sana ya dakika.

"Arobaini na tano," alirudia, akiniita kama alivyozoea. "Andika, mama."

Nikaandika kwenye daftari la kiwanjani, pande zote mbili. Halafu nikamwuliza kama kweli alilenga msumari.

"Nililenga musumari. We unafikiri nililenga nini?"

Nilitaka kuchungulia mwenyewe, lakini mvua ilianza palepale, matone makubwa, tukakimbilia kufunika chombo na mfuko wa plastiki. Tulipokuwa tukishuka barabarani baba hakuona mtaro uliokuwa kulia kwake. Alianguka ndani hadi magotini. Nilimtoa, suruali imejaa matope, naye akawa anajifuta mikono na kutazama pembeni kama mtoto aliyeshikwa na kosa. Ndipo nilipokata shauri. Nilijiambia kwamba mtu asiyeona mtaro hawezi kuona kichwa cha msumari ng'ambo ya korongo. Nilijiambia amelenga ukingo wa rangi nyekundu badala ya msumari, na kwa kuwa alilenga kosa lilelile mara mbili, shahidi naye alidanganyika.

Nilipoandika ripoti sikuandika arobaini na tano. Niliandika arobaini na mbili, kama mwezi uliopita, na chini yake nikaandika kwamba hakuna mwendo wa kuhofia. Nilikusudia kurudi na mashine ya kisasa mvua zikipungua, nipime peke yangu, nisahihishe kimyakimya kama kuna la kusahihisha. Sikutaka yule mama ahame nyumba yake kwa sababu ya macho ya baba yangu. Na sikutaka mtu yeyote ajue kuhusu macho hayo. Yote mawili yalikuwa kweli, na sijui hadi leo lipi lilikuwa na uzito zaidi.

Wiki hiyo nilimwambia baba apumzike. Tulikuwa uani, baada ya sala ya alasiri, mkeka bado uko chini.

"Baba, kazi hii sasa niachie. Macho yako hayafai tena."

Hakubisha. Aliuliza tu kama namba zimeharibika. Nikamjibu kwamba zimeharibika. Akaingia ndani, akaifuta teodoliti kwa kitambaa laini, lenzi moja baada ya nyingine, akaifunga kwenye sanduku lake na kunikabidhi ufunguo.

Mvua hazikupungua. Siku ya kumi na nane baada ya ripoti yangu, mchana kweupe, ule mtelemko ulishuka. Majirani walisema ulitoa sauti kama lori linalomwaga mawe, na ukaisha kabla hawajatoka nje. Yule mama alikuwa Uvira kuchukua vitenge. Mumewe alikuwa kitandani, kwa sababu tangu juzi yake malaria ilimzuia kwenda bandarini. Walimtoa jioni, amekwisha kufa. Nilifika wakati wanaume bado wanachimba kwa majembe na sahani, nikaona kona ya nyumba yao, ile yenye rangi nyekundu, imelala ndani ya korongo.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Ya tatu nilimwambia baba, nikiwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake. Nilimwambia alichosoma na nilichoandika. Hakunipigia kelele. Aliomba daftari la kiwanjani, akalileta karibu kabisa na jicho la kulia, akalisogeza polepole mpaka akaupata mstari. Akasoma namba za upande wa kwanza, akasoma za upande wa pili, kwa sauti, bila kukosea hata moja.

"Mi niliona vizuri," alisema, taratibu, kama mtu anayeuliza. "Dakika ine kwa mita tisini. Sentimita tano na zaidi. Ile nyumba ilikuwa inaenda."

Hapo ndipo maneno ya daktari yaliponirudia. Pembeni pamekwenda, katikati kumebaki. Darubini haina pembeni. Darubini ni katikati tupu. Baba asingeweza kuuona mtaro ulio kando ya mguu wake, lakini msumari ulio mita tisini mbele aliuona vizuri kuliko mimi. Mtu mwenye jicho bovu asingeweza kuleta pande mbili zinazokubaliana namna ile. Nilikuwa nimefundishwa hivyo na yeye mwenyewe, na nilikuwa na ushahidi huo mkononi mwangu nilipoandika uongo.

"Ungeniambia nirudie," alisema. "Ningerudia hata mara kumi."

Tulikwenda kutoa pole. Yule mama alikuwa amepokewa na ndugu zake Kamenge, katika nyumba yenye viti vya plastiki vilivyopangwa hadi barabarani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nilitaka kuyasema mbele ya watu wote, niyamalize. Lakini tulipokaa, kabla sijafungua mdomo, baba aliinama mbele kwenye kiti chake akamwelekea mjane.

"Mama, kosa ni ya macho yangu," alisema. "Nilipima vibaya. Nilikuwa sione, na sikujua kama sione. Nakuomba unisamehe."

Yule mama alimtazama baba, akageuza uso ukutani. Shemeji yake mmoja alisimama na kutuonyesha mlango. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nimekaa karibu na baba kiasi kwamba bega langu liligusa lake, na sikusema kitu.

Tulipofika barabarani nilimwuliza kwa nini.

"We bado utafanya kazi," alijibu. "Mi nimemaliza."

Habari zilifika Buyenzi kabla yetu. Watu walisema mzee alikuwa kipofu na akaendelea kuwapimia watu kwa tamaa. Wengine waliosimamishiwa kuta na mipaka kwa vipimo vyake walikuja kutaka vipimwe upya, na nilivipima upya mimi, kwa mashine ya kisasa, na kila kimoja kilikuwa sawa. Hakuna aliyerudi kusema kwamba kilikuwa sawa. Baba aliendelea kwenda msikitini, nikimshika mkono hadi mlangoni, na kulikuwa na wazee waliohamia safu nyingine alipokaa. Alijua. Alitambua sauti zao zikienda mbali. Kila siku nilijiambia kesho nitasema, na kila siku yeye, kama aliyesikia, alinikataza.

Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Moyo, walisema.

Baada ya arobaini nilivuka mpaka. Yule mama alikuwa amerudi kwao Uvira, ana meza ya vitenge sokoni. Alinitambua mara moja, akanipa kigoda. Nilimweleza yote, nikamwonyesha daftari, nikaweka kidole penye arobaini na tano, halafu nikampa nakala ya ripoti penye arobaini na mbili. Alisoma kwa muda mrefu. Mteja alikuja, akamwambia arudi baadaye.

"Nilimulaani papa yako," alisema. "Kila siku katika maombi nilimulaani."

Nikamwambia ninajua.

"Na we ulikuwa umekaa pale pembeni yake, unamusikiliza?"

Nikasema ndiyo. Akaanza kukunja vitenge ambavyo vilikuwa tayari vimekunjwa. Aliuliza baba amezikwa wapi. Nilimwelekeza makaburi, njia ya kuingilia, mstari, na jiwe.

"Siku nikivuka nitaenda kumuomba musamaha," alisema. "Yeye. We, apana. We enda kwako."

Niliinuka nikaenda. Nilifika nyumbani alasiri, nikawakuta kaka zangu watatu sebuleni wakijadili mambo ya mirathi, wakaniuliza nilikuwa wapi tangu asubuhi. Wao pia waliamini kosa ni la macho ya baba. Nikawaambia yote, nimesimama, daftari likiwa bado chini ya kwapa. Wawili waliinamisha vichwa. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akigombana na watu mtaani kwa ajili ya jina la baba, alivaa viatu vyake akatoka nje. Tunakutana kwenye harusi na misiba, tunasalimiana. Zaidi ya salamu, hajanisemesha tena.