Spika Nyuma ya Kiti cha Adome

Helen ni jirani yangu hapa Kanamkemer, Lodwar, mwalimu wa shule ya msingi, na si mtu wa kuombaomba. Kwa hiyo aliponigongea mlango na kusema, "Ajwang, nisindikize Kakuma," nilifunga duka langu la mitumba bila maswali. Mumewe, Adome, alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha mbele cha gari, kando ya dereva, amenuna.

Safari yenyewe ilikuwa ya redio. Corolla yao imezeeka. Kaseti ikiingia kwenye redio yake haitoki. Lakini zamani nani alijali? Adome alikuwa akiendesha huku akimwimbia Lokwang, maksai wake mweupe wa ujanani. Kila Mturkana wa rika lake ana maksai wa kuimbia, na wenzake humwita Apalokwang, baba wa Lokwang, mpaka leo. Kisha masikio yakaanza kumtupa. Akaacha kuendesha, akaacha na kuimba. Ukimuuliza, atakwambia redio ya gari imekufa, hana wa kuimba naye. Masikio yake, eti, hayana neno.

"Basi nitamtengenezea hiyo redio," Helen aliniambia. "Nataka aimbe tena, Ajwang. Nyumba imenyamaza mpaka inaniuma."

Mafundi wa Lodwar walimtajia bei za kuposea msichana. Ndiyo maana tukaenda kwa Duop, kijana wa Sudan Kusini anayetengeneza redio pale Kakuma.

Duop aling'oa ile redio ya kumeza kaseti, akatia redio kuukuu yenye tundu la flashi. Spika za milangoni zilikuwa zimechanika. Akaweka nyingine zilizotoka kwenye gari lililopata ajali. "Waya iko sawa, mama. Hapana tupa pesa," alisema. Mwisho akaleta sanduku la plaiwudi alilolipigilia misumari mwenyewe, lenye spika kubwa ndani, akaliweka kwenye buti. Akafungulia muziki wa vijana. Meno yangu yalitetemeka.

Adome aliziba masikio. "Zima! Hiyo kelele ni ya nini?"

Helen akageuka upande, akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nilitamani kumfokea yule mzee.

Duop, ambaye Helen alikuwa ameshamsimulia habari za Lokwang, alizima. Akainama mbele ya Adome, akasema kwa sauti kubwa, "Mzee, maksai yako ilikuwa na pembe gani?"

Adome akashuka garini, akainua mikono polepole: mmoja juu, mwingine umejikunja kuelekea shavuni. Duop akacheka, akainua yake, yote miwili imerudi nyuma. "Hata sisi kwetu tunaimbia. Yangu ilikuwa hivi." Wakasimama juani hivyo, wanaume wawili wenye pembe, na mimi nikajikuta nampenda yule mzee mkaidi.

Duop akatoa lile sanduku kwenye buti, akalibana nyuma ya kiti cha Adome mpaka likagusa mgongo wa kiti. Miguu yangu ikakosa pa kukaa, lakini nani aliniuliza? Kwenye simu ya Helen kulikuwa na wimbo uliorekodiwa kwenye harusi ya mwana wao kule Namoruputh: Adome anaimba, watu wanaitikia na kuruka. Duop akauhamishia kwenye flashi, akaufungulia.

Vishindo vya miguu vikampata Adome mgongoni. Akakaa wima.

"Wanaruka," akasema. "Hao ni watu wa Namoruputh."

Tukaondoka, Helen akiendesha. Njiani midomo yake ilicheza, lakini sauti haikutoka. Tulipokaribia nusu ya njia akanyoosha mkono, akaizima redio. Helen alinitazama kwenye kioo.

"Huyo mwenye kuimba anakimbia sana," Adome akalalamika. "Lokwang alikuwa anatembea pole."

Mwenye kuimba alikuwa yeye mwenyewe, lakini nani angethubutu kumwambia?

Halafu akaanza. Sauti ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. Helen alipunguza mwendo, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Adome alifika mahali ambapo watu huitikia, akanyamaza na kuinua mkono, akingoja. Helen akaitikia. Adome hakumsikia, aliendelea kungoja, na ule mkono ukaanza kushuka.

Mimi Mjaluo nisiyejua neno hata moja la wimbo ule, nikainua miguu yangu yote miwili na kulipiga lile sanduku lililogusa kiti chake, kishindo baada ya kishindo. Adome akakubali kwa kichwa, akaingia ubeti wa pili.