Fundi Tadei aliyekataa kuiita piano ya mjane kuni

Saa tatu asubuhi, sebuleni kwa Verediana Hhando kijijini Endasak, Tadei Margwe amepiga magoti mbele ya piano. Anabonyeza kibonye kimoja kimoja, anatega sikio, kisha anamulika ndani kwa tochi ya simu.

"Mama, vitatu havitoi sauti. Panya wamekula sufu ya nyundo zinazogonga nyuzi," anasema. "Lakini mbao hazijapasuka, na nyuzi zipo zote."

Verediana, mjane wa miaka 71, anashusha pumzi. Piano hiyo mumewe, mwalimu wa kwaya, aliachiwa na mmisionari Wolfgang aliyerudi kwao. Anaiuza apate kutibiwa macho. Mfanyabiashara kutoka mjini ameshamtajia laki tatu, lakini Verediana amemwita Tadei kwanza aikague.

"Ameniambia zile ni kuni tu," anasema.

Tadei, 58, analima mahindi na maharage. Ndiye pia anayeitwa na makanisa ya Hanang na Mbulu kinanda kikigoma. Kazi moja humpa Sh20,000 hadi Sh50,000, na kuna miezi inapita bila hata moja.

Asichokijua Verediana ni kwamba jana yake mfanyabiashara huyo alimpigia Tadei simu kumwahidi kwamba, iwapo atamwambia mjane piano haifai, atampa laki mbili.

"Mahindi yangu yalikauka shambani mwaka huu. Sitadanganya, nilizitamani," Tadei anakiri. "Ila nilipoona mama anavyopapasa ukuta kutafuta kiti, nikaona aibu."

Akamhesabia mjane peupe. Ikiwa nzima, piano ile ni milioni mbili. Toa laki nne za matengenezo, toa laki mbili za usafiri: milioni moja na laki nne.

"Chini ya hapo unaonewa, mama. Juu ya hapo unamwonea mwenzako."

Mfanyabiashara alipofika na kuisikia bei hiyo, alimtazama Tadei kwa jicho kali, akapanda gari lake akaondoka.

Wiki tatu zikapita bila mteja. Verediana akaanza kusema heri angechukua zile laki tatu. Tadei akawasha pikipiki, akaenda Basotu kwenye kwaya aliyosikia inatafuta kinanda.

"Alianza na ubovu wake wote kabla hajasifu chochote," anakumbuka Konsolata Gidion, mwenyekiti wa kwaya hiyo. "Tukajua huyu hatuuzii maneno."

Kwaya ilikuwa na milioni moja na laki nane kwa kila kitu. Zilipungua laki mbili. Tadei hakugusa fedha ya mjane; alifuta ujira wake wa ufundi, laki mbili kati ya zile nne za matengenezo, na kwaya ikainunua.

"Nimekosa laki mbili mara mbili kwa piano moja," anasema akicheka.

Verediana ameshapasuliwa jicho la kulia, na sasa anachambua maharage yake mwenyewe. Tangu habari zisambae, watu wanne wamemwita Tadei awapimie bei ya vinanda vyao.

Sasa anataka kufungua karakana ndogo Katesh pamoja na bintiye, Irene, ambaye Tadei anasema ana sikio kali kumshinda yeye.

"Kuweka sauti sawa nitamfundisha miaka miwili," anasema. "Kumwambia kweli mtu asiyejua bei, hilo aanze nalo siku ya kwanza."