Njumu za Nahodha

Siku ile walikuwapo watu hawa. Tulikuwapo sisi kumi na mmoja wenye njumu, mimi nikiwa beki wa kushoto. Alikuwapo kocha wetu, tuliyemwita Mwalimu, mama wa Kisambaa aliyefundisha hesabu na michezo katika shule ya msingi. Alikuwapo nahodha wetu, Mpemba, mrefu kuliko sote, kiungo. Walikuwapo watoto wa Jumamosi watano, wamekaa chini kwa sababu benchi lilikuwa fupi, na mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa kike, wa miaka kumi na sita. Wadogo zangu wawili wa kiume walikuwa juu ya ukuta. Alikuwapo baba mdogo wetu, kavaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumapili. Walikuwapo wageni kutoka Dar es Salaam, wote na soksi zinazofanana, jambo ambalo lilitutia baridi kabla mpira haujaanza. Na alikuwapo mama yake nahodha, ila yeye alifika kipindi cha pili.

Nimewataja kwanza kwa sababu baadhi yao hawapo tena, nami sitaki ionekane kama nilikuwa peke yangu.

Baba yetu alikufa nikiwa mdogo. Mama akafuata nikiwa darasa la sita, katika miaka ile ya kupanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni na kilo ya unga. Nilikuwa wa kwanza kati ya wanne. Hakuna aliyeniambia niache shule. Niliona tu kwamba asubuhi mtu anatakiwa akae kwenye foleni na mtu huyo ni mimi. Baadaye nikapata kazi kiwanda kidogo cha kamba za mkonge. Kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake, na nilipoingia hakukuwa na beki wa kushoto. Nikakaa pale miaka saba.

Kisha kiwanda kikauzwa. Tajiri mpya hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa na haja ya wanawake wanaocheza mpira, wala haja ya wengi wetu kazini. Alituambia tuchukue vifaa vya michezo tunavyoweza kubeba siku ile, ghala linavunjwa. Tulibeba mipira miwili, firimbi, na njumu jozi kumi na moja. Zilizobaki zilikuwa zimeliwa na panya. Timu ikaendelea bila kiwanda, kwa sababu Mwalimu hakuona sababu ya kuacha.

Mwalimu alikuwa na watoto wake. Kila Jumamosi asubuhi alikusanya wasichana wa Makorora na mitaa ya jirani, wengine wamemaliza darasa la saba na hawana pa kwenda, akawafundisha mpira kuanzia kugusa mpaka kukaba. Timu nyingine zilikuwa zinasema mtoto akae na watoto wenzake mpaka akomae. Mwalimu hakukubali. Alisema mtoto akimaliza mwaka mmoja Jumamosi bila kucheza hata dakika moja na watu wazima, ni yeye Mwalimu aliyefeli, si mtoto.

Lakini njumu zilikuwa kumi na moja tu, na katika mashindano mwamuzi hampokei mtu peku. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, ila njumu zilizokuja zilikuwa za wanaume, na mara nyingi ulikuta za mguu mmoja. Kwa hiyo Mwalimu alitupima nyayo kwa kipande cha kamba, wakubwa na wadogo, akatuoanisha kwa ukubwa wa mguu. Kila mkubwa akawa na mwenza wake wa njumu miongoni mwa watoto. Mkubwa akitoka, anavua, mwenza wake anavaa zikiwa bado za moto na kuingia.

Na aliweka sharti moja. Wakati wa mapumziko angeuliza, "Leo nani anavua?" Basi. Hakumtaja mtu. Alisema chansi ya kulazimishwa haimfai mtoto, kwa sababu mkubwa atamkasirikia na hatampa pasi. Nimeona wanawake ambao wamegombana nyumbani kwa ajili ya kuja kucheza, wamewaacha watoto wachanga kwa jirani, wakisikia swali lile wanainama na kufungua kamba. Sijawahi kuona kitu kama hicho mahali pengine.

Mdogo wangu alikuwa na miguu mikubwa. Kati ya watoto wote hakuna aliyemkaribia, na kati yetu wakubwa alilingana na nahodha peke yake. Nahodha alikuwa moyo wa timu. Kumtoa yeye ni kutoa nusu ya mpira wetu. Kwa hiyo wenzake waliingia, na mdogo wangu alibeba maji. Mwaka mzima.

Mimi nikafanya kosa. Katika mchezo mmoja dhidi ya watu wa Muheza nilivua njumu zangu, ndogo kwake kwa vidole viwili, nikamshindilia humo. Nilimwambia avumilie. Dakika kumi baadaye alikuwa anachechemea, na siku hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, baba mdogo alikuwa amepita kutazama.

"Huyu mtoto hata kutembea hawezi," aliniambia jioni, "nawe waniambia anacheza mpira?"

"Viatu vilimbana, baba."

"Kila siku viatu. Mimi naona ndoo za maji tu." Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, ndiye aliyetulipia kodi ya chumba tulipokosa. "Sikiliza. Shangazi yenu wa Handeni anataka mtu wa kumsaidia nyumbani. Nitakuja mara moja tena, Jumapili ijayo. Nikimwona anacheza na watu wazima, akae. Nikimwona na ndoo, Jumanne aende Handeni."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alianza kukunja nguo zake usiku ule ule, siku tisa kabla ya wakati.

Baada ya kiwanda, mimi na nahodha tulikuwa tunakaanga bajia pamoja sokoni Makorora, karai moja, jiko moja. Yeye alikuwa amenizidi miaka minane na alinifundisha mengi, hata namna ya kusaga dengu zisivunjike kwenye mafuta. Asubuhi ya mchezo ule alikuwa anaimba peke yake.

"Leo una nini?" nikamuuliza.

"Mama yangu anakuja."

Nilijua maana yake. Mama yake alikuwa Pemba, na tangu binti yake alipoanza mpira alikuwa amekataa hata kuutazama. Kila nahodha alipokwenda kusalimia, aliulizwa kama ameacha. Miaka kumi na moja.

"Kasema mwenyewe," akaendelea. "Kaniletea salamu, niambie siku gani, nije nione hicho kinachokuzuia kuolewa tena." Akacheka mpaka bajia moja ikaungua. "Meli inaingia baada ya alasiri. Nimemwambia aje moja kwa moja uwanjani. Kipindi cha kwanza hatakiwahi, mwanakwetu. Cha pili atakiwahi chote."

"Umewaambia wengine?"

"Nimwambie nani? Wataanza kunipa mipira ya huruma. Nimekwambia wewe."

Kipindi cha kwanza wageni walitufunga goli moja mapema, nasi tukasawazisha kwa kichwa cha nahodha. Alikuwa anacheza kama mtu aliyeahidiwa kitu. Baba mdogo alikaa safu ya mbele na mikono kifuani. Kila mara mdogo wangu alipopita na ndoo, niliona baba mdogo anamfuata kwa macho, kisha anatazama pembeni.

Mapumziko tukakaa kwenye nyasi. Tuligawiana machungwa ya Muheza, nusu nusu. Mwalimu akasimama katikati yetu.

"Leo nani anavua?"

Hakuna aliyegusa kamba zake. Wale wengine walikuwa wanacheza na timu ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, sikuwalaumu. Ng'ambo ya uwanja baba mdogo alikuwa ameinuka, anakung'uta vumbi kwenye kanzu. Mdogo wangu alimwona. Akaweka ndoo chini na kuanza kuikausha kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayekabidhi kazi.

Nahodha aliona yote hayo. Kisha akanigeukia mimi. Nilielewa ananiuliza nini. Katika uwanja mzima ni mimi pekee niliyejua nani yuko njiani anatoka bandarini. Ningesema maneno mawili tu, "Mama anakuja," na hakuna mtu, hata Mwalimu, ambaye angemwacha avue.

Nilitazama nusu ya chungwa iliyokuwa mkononi mwangu. Nikaila.

Nikasikia kamba za njumu zinafunguliwa.

"Wewe, miguu ya bata," nahodha akamwita mdogo wangu. "Njoo. Zimelowa jasho lakini hazitakubana. Ukipoteza mpira usisimame kulia, mfuate aliyeuchukua. Na ukiona huyu dada yako anapanda mbele, mpe, kwa sababu hajui kupanda mara mbili."

Watu wakacheka. Mimi pia nilijidai kucheka.

Mpira wa kwanza aliogusa aliupoteza. Jukwaa likapiga kelele, "Mrudisheni akanywe uji!" Wa pili pia akanyang'anywa, na yule aliyemnyang'anya akaanguka naye, akainuka akicheka. Nilikuwa nyuma yake na nilitaka ardhi ipasuke. Lakini alifanya alivyoambiwa. Alimfuata yule mtu, akamfuata, mpaka yule akachoka kufuatwa na kuutoa mpira nje. Mara ya tatu aliuchukua yeye. Tangu hapo akawa kiungo. Sisemi alicheza kama nahodha. Alicheza kama msichana wa miaka kumi na sita ambaye njumu zimemkaa, na wanawake wa Dar es Salaam wakaanza kuulizana nani anamkaba yule mrefu. Alinipa pasi moja nikapanda, nikapiga krosi ikaenda nyuma ya goli, na ni kweli sikupanda tena.

Baba mdogo alikuwa amekaa.

Katikati ya kipindi nilimwona mama mmoja anaingia upande wa bandari, kajitanda kanga, kabeba kikapu kikubwa, anauliza watu. Nahodha alimkimbilia peku. Walikaa kwenye nyasi karibu na mstari wa upande wangu, kwa hiyo nilisikia, maana mpira ulikuwa upande wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona u huku? Nimevuka maji yote hayo kuja kukuona umekaa?"

"Nimecheza, mama. Nimefunga na goli."

"Nani kaliona?"

Nahodha akamwonyesha mdogo wangu kwa kidole. "Yule mrefu waona? Viatu vile ni vyangu."

Yule mama alitazama kwa muda mrefu. "Ni mtoto wa nani?"

"Hana mama."

"Na viatu vyako ndivyo vinavyomchezesha?"

"Vimemkaa vizuri kuliko mie."

"Basi," yule mama akasema, akafungua kikapu na kutoa mkate wa mofa, "kula. Umekonda."

Mchezo uliisha kwa sare ya goli moja kwa moja. Baba mdogo alikuja, akampa mdogo wangu mkono kama anavyowapa wanaume, akaniambia mimi, "Huyu mlishe. Ana miguu mirefu, itataka chakula." Handeni haikutajwa tena. Mdogo wangu alicheza na wakubwa miaka kumi na miwili, akavaa kitambaa cha nahodha, na leo ndiye anayefundisha watoto wa Jumamosi. Wana njumu zao, kila mmoja na zake, lakini amelibakiza lile swali. Kila mchezo anawauliza wakubwa nani anatoka, na kila mchezo kuna anayeinuka.

Mama yake nahodha alirudi Pemba kwa meli iliyofuata. Magoti yalimzuia kuvuka tena, na baada ya misimu miwili tuliletewa habari ya msiba wake. Nilikwenda na nahodha bandarini. Yule mama hakumwona binti yake akigusa mpira hata siku moja.

Nahodha sasa anaishi Ushongo, anapikia wageni katika nyumba moja ya kulala. Huja Tanga kwenye sikukuu, na hufikia kwangu. Mdogo wangu humpikia, humfulia, humwita mama. Hajui. Kwake ni hadithi ya mtu mwenye moyo mkubwa aliyevua njumu, nayo ni ya kweli kabisa. Sehemu ya chungwa sijamsimulia.

Nahodha hakuwahi kuitaja kwa miaka mingi hata nikaamini hakuona. Idi iliyopita tulikuwa uani, karai lile lile, yeye anachota bajia mimi napepea jiko. Mdogo wangu alikuwa ndani na watoto wake. Nahodha akasema, bila kuinua macho, na sauti yake ilikuwa ya utani, ile ile ya kumwita mtu miguu ya bata:

"Mwanakwetu, lile chungwa lilikuwa tamu?"

Mafuta yalikuwa yanalia. Mdogo wangu akatokeza mlangoni na sahani, akauliza chungwa gani, na nahodha akamwambia ni la zamani, hawezi kulijua. Akajaza sahani, wakaingia ndani pamoja.

Amesharudi Ushongo. Swali lake nimebaki nalo.