Kidonge cha Saa Moja Jioni

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Kitengela baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Alikuja na begi moja, kuku wawili waliofungwa miguu na mfuko wa dawa za sukari. Mke wangu alisema mama yake atakaa majuma machache tu, hadi jicho lipone. Jicho lilipona zamani, na kuku wale wameshazaa kuku wengine. Silalamiki. Nataka tu ijulikane kwamba hakuna aliyeniuliza.

Mimi ni Mkikuyu na mke wangu ni Mkamba. Ile haya ambayo mtu huwa nayo mbele ya wakwe zake, kwetu tunaiita thoni. Kwao ni nthoni. Tofauti ni herufi moja, lakini mama mkwe aliibeba kwa uzito wake wote. Watu wengi wa rika langu wameshaachana na mambo haya, na siku za Jumapili utawaona wakikumbatiana na wakwe zao nje ya kanisa kama wachezaji waliofunga bao. Mama mkwe hakuwa wa kukumbatiwa. Hakunipa mkono. Nikiingia sebuleni, alikuwa na shughuli ya haraka jikoni. Kula nikimwona ndilo lilikuwa jambo lisilowezekana kabisa. Jirani yetu Mmasai aliposikia habari hizi hakucheka hata kidogo, kwa sababu kwao pia mkwe na mkwe hupishana kwa mbali.

Hata kunisemesha alikuwa na njia yake. Hakuwahi kuniambia "wewe". Ningesimama mbele yake na viatu vimejaa vumbi, naye angetazama ukutani na kuuliza, "Mwenye nyumba amerudi?" Ningejibu kwamba mwenye nyumba amerudi. Mwanzoni nilichekea moyoni, halafu nikazoea, na mwishowe nikaanza kujisikia mtu mkubwa.

Nina duka la dawa za mifugo Kajiado mjini. Kazi yangu ni kumweleza mtu mwenye ng'ombe kwamba dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito wa mnyama, na kwamba chupa nzima haiponyi haraka kuliko kipimo. Nasema haya kutwa, wakati mwingine kwa ukali, kwa maana mtu akikosea ni ng'ombe anayekufa na ni mimi ninayelaumiwa. Kwa hivyo dawa za mama mkwe hazikunitia wasiwasi. Maagizo ya kliniki yalikuwa mafupi: kidonge kikubwa kimoja na kidogo kimoja, saa moja asubuhi na saa moja jioni, pamoja na chakula. Mke wangu aliweka kengele kwenye simu ya mama yake, yenye mlio wa jogoo. Wale kuku wa uani walihangaika siku za kwanza, kisha wakapuuza.

Mambo yalikwenda vizuri kwa sababu mke wangu alikuwapo. Asubuhi mimi huondoka mapema, kwa hivyo mama alikunywa uji wake na kula viazi vitamu kwa amani. Jioni mke wangu alimpelekea sahani jikoni, akaketi naye, na jogoo alipowika dawa ilimezwa juu ya chakula. Hakuna aliyefikiri kwamba utaratibu wote ule ulikuwa umesimama juu ya mtu mmoja.

Kisha shemeji yangu akajifungua huko Machakos, na mke wangu akaenda kumsaidia. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, katika nyumba yenye sebule moja.

Siku ya kwanza nilifunga duka mapema, nikawa nyumbani kabla ya saa moja, na mambo yakapita. Siku ya pili lori la chakula cha ng'ombe lilichelewa, na sikuweza kuondoka dukani kabla halijashusha. Halafu pale kwenye barabara kuu magari yalikuwa yamesimama, kama kawaida yake. Sikumpigia simu mama mkwe. Sikuwa nimewahi kumpigia hata siku moja, wala sikuwa na namba yake. Ningempigia nimwambie nini?

Nilipoingia giza lilikuwa limeshatanda. Mezani kulikuwa na hotpoti la wali na maharagwe, limefunikwa vizuri, na sahani moja. Nikasalimia kuelekea jikoni kama kawaida. Hakuna aliyeuliza kama mwenye nyumba amerudi.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya jiko. Leso yake ilikuwa imelowa jasho hadi mabegani, na jioni ile ilikuwa ya baridi, yenye ule upepo wa Kitengela unaopita chini ya mlango. Mikono ilimtetemeka. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimjue, akanisemesha kwa Kikamba. Naelewa Kikamba cha kutosha. Alinidhania mumewe, aliyekufa miaka mingi iliyopita, na alikuwa akimwuliza kwa nini amewaacha mbuzi nje.

Niliogopa. Nilirudi nyuma hadi sebuleni nikampigia mke wangu, nikamwambia mama yake anaweweseka.

"Ako na jasho?" akauliza.

"Jasho mpaka leso imelowa. Na anatetemeka. Ananiita babako."

"Amekula?"

"Sijui. Chakula iko kwa meza, haijaguswa."

Sauti yake ikabadilika. "Amemeza dawa na hajakula. Sukari imeshuka. Mpatie sukari saa hii."

"Sukari? Si hiyo ndiyo ugonjwa yake?"

"Usibishane na mimi. Weka sukari kwa maji, umpe anywe. Anaweza kumeza?"

"Anaongea."

"Basi mpe. Na umshike, asianguke."

Umshike. Nilisimama na simu mkononi nikiwa nimelishika neno hilo tu. Nilitoka hadi kwenye ua nikamwita mama wa jirani, mke wa yule Mmasai, aje amshike kwa niaba yangu. Nikaita tena. Mbwa wao ndiye aliyeitika. Hawakuwapo nyumbani, na pale uani nikagundua kwamba nilikuwa natafuta mkono wa mtu mwingine hali mama wa mke wangu anaisha jikoni kwangu. Nilirudi ndani mbio.

Nilikoroga vijiko vya sukari katika kikombe cha maji. Nilimsogezea, lakini vidole vyake havikuweza kukishika. Basi nikapiga magoti kwenye sakafu, nikapitisha mkono wangu nyuma ya shingo yake, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamnywesha kidogo kidogo. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alimeza. Nikamwambia ameze tena. Nilikuwa nikisema "pole mama, pole mama," bila kujua nilikuwa naombea radhi jambo gani.

Haikuchukua muda mrefu kama ulivyoonekana. Mtetemo ulipungua, kisha macho yake yakatulia juu ya kikombe, yakapanda kwenye mkono ulioshika kikombe, yakaufuata mkono hadi kwa mwenyewe. Akajua mimi ni nani. Akavuta leso akajifunika uso wote, na kutoka ndani ya leso akauliza, polepole:

"Wewe, umekula?"

Ndipo nilipoelewa kilichotokea. Jogoo wa simu aliwika saa moja, naye akameza vidonge vyote viwili, kwa sababu saa ilikuwa amri ya daktari. Lakini chakula kilikuwa cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuwa ameketi mezani. Bila binti yake kumpakulia, asingeweza kutangulia kula chakula cha mkwe wake katika nyumba ya mkwe wake. Alitii nusu ya agizo kwa uaminifu, na nusu nyingine alikuwa ananingoja mimi.

"Sijakula," nikamwambia. "Na wewe unakula sasa hivi."

Nilimpakulia wali, nikaweka sahani miguuni pake, nikageuka na kuketi sebuleni nikiwa nimempa mgongo. Nilisikiliza mpaka nikasikia anatafuna.

Mke wangu alirudi kesho yake asubuhi, na tukampeleka kliniki Kajiado. Daktari alikuwa kijana mwenye uvumilivu. Alimpima, akapunguza kipimo cha kile kidonge kidogo, kisha akaviweka vyote viwili juu ya meza kama mtu anayetambulisha ndugu.

"Huyu mkubwa ni mpole," akasema. "Akiingia kwa tumbo tupu atasumbua tumbo, basi. Huyu mdogo ndiye ako na hasira. Yeye anasukuma sukari chini, chakula iwe ndani, isiwe ndani. Kama hakuna chakula, mama, huyu mdogo angoje. Na ukisahau, usimeze mbili mara moja ati unalipa."

Akageukia kwangu. "Ulifanya poa kumpatia sukari. Lakini siku akikosa kuamka, ama ashindwe kumeza, usimwage kitu kwa mdomo. Mlete hospitali mbio."

Mama mkwe alisikiliza akitazama ukuta. Daktari alipouliza kwa nini hakula, mke wangu akanitazama. Namna gani utamweleza kijana aliyevaa koti jeupe kwamba mama karibu afe kwa heshima? Nikasema nilichelewa kurudi. Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa jibu.

Tulipofika nyumbani mama alianza kupanga nguo kwenye begi lake. Mke wangu aliketi kitandani kando ya begi akilia. Mimi nilielewa vizuri sana. Nilikuwa nimemshika, nimemwegemeza kifuani, nimemwona bila akili zake, na yeye alikuwa ameniita mumewe. Angewezaje kuendelea kukaa chini ya paa langu? Kwake Machakos kuna nyumba nzuri, ina tangi la maji na miparachichi, na hakuna mtu wa kulala ndani yake ila yeye.

Najijua kwa hasira. Mtu akinichosha husema aende, na mara nyingi huwa nafurahi akienda. Siku hiyo sikuwa na hasira, nilikuwa na hofu. Nilikwenda nikasimama nje ya pazia la mlango wa chumba chake, ili asilazimike kuniona.

"Mama," nikasema. "Huko nyumbani, ukianza kutoka jasho hivyo tena, nani atakuona?"

Nilisikia zipu ya begi ikivutwa, sikujua kama inafungwa au inafunguliwa.

"Kama ni aibu, imeshaingia," nikasema. "Haiwezi kutoka kwa sababu umepanda gari ya Machakos. Wacha tukae nayo hapa."

Nikaenda uani nikalisha kuku, maana sikujua la kufanya na mikono yangu.

Kesho yake asubuhi mke wangu aliniletea ujumbe wakati navaa viatu. Alikuwa amekaza uso asicheke.

"Mama anasema hawezi kumeza kabla ya kula. Daktari amekataza."

"Sawa."

"Na hawezi kula kabla ya mwenye nyumba."

"Hiyo pia najua."

"Kwa hivyo anasema mwenye nyumba awe anakula saa moja jioni."

"Saa moja niko duka. Wateja wa boma ndio wanakuja hiyo saa. Nifunge duka nikule?"

"Hajasema ufunge. Amesema ukule." Kisha akaandika namba ya mama yake kwenye simu yangu, akaweka na kengele. Mlio wa jogoo.

Ndivyo tunavyoishi tangu siku ile. Mke wangu asipokuwapo jioni, na hata akiwapo, saa moja ikifika jogoo huwika dukani kwangu kati ya chupa za dawa ya kupe. Wateja wa mara ya kwanza hutazama chini ya kaunta. Wale wa kawaida hungoja. Naweka mandazi kwenye mfuko wa karatasi kwa ajili ya kazi hiyo. Nauma moja, napiga simu, nasema, "Mama, nimeanza." Haongei sana. Nasikia kijiko kikigusa sahani, na baada ya hapo glasi ya maji, na hapo najua kidonge kidogo kimekuta chakula kikikingoja. Kisha anakata.

Jioni moja mandazi yaliisha. Msichana wa hoteli ya jirani alikuwa amefunga mapema, na mbele yangu alisimama mzee mmoja wa Kimasai aliyetoka mbali kununua dawa ya ndama. Tulikuwa tumesalimiana, sopa na epa, na alikuwa akinieleza jinsi ndama anavyoharisha. Jogoo akawika. Nikaona si neno, mara moja tu. Nikapiga simu nikasema, "Mama, nimeanza."

Hakuna kijiko.

"Mama?"

"Wewe," akasema. "Sijasikia ukitafuna."

Nilitazama huku na huku, duka zima lililojaa vyakula vya ng'ombe, kuku na nguruwe, na hakuna kitu ambacho mtu angeweza kutia mdomoni. Mzee yule alikuwa amesikia, kwa maana simu yangu ina sauti kubwa. Aliniuliza kwa ishara ni nani. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni mama wa mke wangu, na kwamba hawezi kula kabla sijala, naye ana dawa ya kumeza. Uso wake ukawa wa mtu aliyepewa habari nzito. Aliingiza mkono ndani ya shuka, akatoa hindi la kuchoma lililobaki nusu, akanipa.

Niliweka simu karibu na mdomo nikauma hindi lile, nikatafuna kwa nguvu zangu zote, mzee akinisimamia kama shahidi. Tukangoja wote wawili. Kisha tukasikia kijiko.