Nilipoomba Kuwa Mgeni Kwetu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote za Ulaya, mwanangu, na siku hiyo nilikuwa hapa hapa Isiolo, kwa chifu, nimekalia kiti cha plastiki mbele ya wazee watano, nikiulizwa mimi ni nani. Nilikuwa na miaka sitini na moja. Usicheke. Mtu anaweza kuzeeka magoti na akili yake ikabaki pale alipoiacha, na makosa niliyofanya mwaka ule yalikuwa ya msichana wa miaka kumi na minane.

Acha nianzie kwa huyo msichana. Babu yangu, Msomali, aliletwa hapa akiwa askari wa Mwingereza, akabaki, na sisi tukawa watu wa Isiolo wa kuuza nguo na kuendesha malori. Lakini nilipofika umri wa kitambulisho, ilibidi mimi na baba tusimame mbele ya kamati ya wazee ituchunguze kama kweli sisi ni Wakenya. Wenzangu wengine wa shule walichukua vyao bila kuulizwa lolote. Baba alijibu kila swali kwa upole. Mimi niliona haya mpaka masikio yakawaka, nikaapa moyoni kwamba sitasimama tena mbele ya kamati ile, liwe liwalo. Hasira hasara, lakini nani angemwambia Asha wa siku zile?

Nikaolewa Ulaya, nikahudumia wagonjwa hospitalini miaka zaidi ya thelathini. Wakati huo sheria ilikuwa kwamba ukichukua uraia wa kule, wa huku unauacha. Niliuacha, na kusema kweli sikulia. Mume wangu alipofariki na mimi nikastaafu, nilibaki na mtu mmoja tu duniani: Hooyo, yaani mama yangu mzazi, aliyekuwa peke yake hapa Isiolo, mtaa wa Bulla Pesa, miaka karibu tisini, macho yamefifia. Nikarudi ili nimtunze mpaka siku yake au yangu. Kwenye uwanja wa ndege wakanigongea muhuri wa mgeni, miezi mitatu.

Miezi mitatu ni nini kwa mtu aliyekuja kuishi? Nikaanza kuuliza, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Ugatuzi ulikuwa bado mpya, na mjini kila mtu alisema serikali imeletwa nyumbani. Ukitaka chochote, nenda kaunti. Nikaenda kaunti. Nikakaa kwenye benchi asubuhi nzima, nikapelekwa mlango huu na ule, hata wa mifugo, mpaka mama mmoja wa pale akanihurumia.

"Mama, hii maneno ya pasipoti si ya kaunti," akasema. "Sisi ni ya maji, na soko, na hospitali. Hiyo enda serikali kuu."

Serikali kuu wakanituma Nairobi. Nairobi wakaniongezea miezi mitatu, wakaniambia nitafute kibali. Kibali gani? Mmoja alisema cha jamaa, mwingine cha mwekezaji. Mimi mwekezaji wa nini, na mali yangu ni masanduku mawili? Nilirudi nikiwa sijui hata swali lenyewe ni lipi. Mwishowe binti wa saiba, lile duka la intaneti hapa mjini, akapekua kompyuta yake, akaniambia kuna kibali cha wageni waliostaafu wenye pensheni ya nje.

"Hii ndio yako kabisa, shosho," akasema.

Nami nikafurahi! Nilifurahi kwa sababu fomu ile haikutaja wazee wala kamati. Ilitaka pensheni, picha, na mwenyeji wa kunipokea. Penye sababu ya kuchagua kuishi Kenya niliandika "hali ya hewa nzuri". Isiolo hii, mwanangu, ya vumbi na jua. Penye mwenyeji nikaandika jina la Hooyo, nikamshika kidole gumba, nikakibonyeza kwenye wino. Aliniuliza ni ya nini. Nikamjibu ni mambo ya serikali tu.

Mficha uchi hazai. Wiki hiyo hiyo jirani yetu Mama Kinya alikuja kuazima ungo nikiwa sokoni, akakuta nakala ya fomu mezani, akamsomea Hooyo kwa sauti akidhani ni barua ya hospitali. Alipofika kwenye neno "mgeni", Hooyo akamwomba arudie.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Kesho yake nilikuta mkeka wa wageni umetandikwa, na chai ya maziwa ya ngamia imetiwa katika vile vikombe vya kabatini vyenye maua ya dhahabu, ambavyo utotoni hatukuruhusiwa hata kuvigusa. Nilipoingia jikoni nioshe sufuria, akanizuia kwa mkono.

"Mgeni hakai jikoni," akasema, kwa adabu kabisa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi nilikuwa mwezi wa tano na sikupewa hata kijiko cha kuosha. Watu walipokuja kutusalimia alinitambulisha kuwa ni mgeni wake kutoka Ulaya. Nilidhani uzee umemchanganya, kumbe aliyechanganyikiwa ni mimi. Siku nyingi zilipita kabla Mama Kinya hajanieleza, huku akilia, alichokisoma. Hata baada ya kujua, sikupata mdomo wa kuomba radhi. Nilikula vizuri siku zile kuliko wakati wowote, na kila tonge liliniuma.

Muhuri ukiwa umebakiza wiki tatu, nikaitwa Nairobi. Afisa alikuwa mwanamke kijana. Alitazama pasipoti yangu, akanitazama mimi, akarudi kwenye pasipoti.

"Mama, hapa imeandikwa umezaliwa Isiolo."

"Ndiyo."

"Sasa unaomba kibali ya mgeni ya nini? Katiba mpya inakubali urudishiwe uraia. Leta barua ya chifu, na wazee wa huko waseme wanakujua."

Wazee. Nilikuwa nimezunguka milango yote nikiukimbia mmoja, na sasa nimerudishwa huo huo.

Ndipo ikafika siku ile niliyokutajia. Mkubwa wa kamati alikuwa Mzee Guyo, Mborana mwenye asili ya Garbatulla. Nilikwenda na faili nene; hakulifungua. Aliniuliza lori la kwanza la baba lilikuwa la rangi gani, na nilipozaliwa nilitengewa mnyama gani wa kitovu, maana huku kwetu mtoto huweza kupewa mnyama wake siku anapoingia duniani. Nikajibu: lori la bluu, mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi. Wazee wakaafikiana. Kisha akamgeukia Hooyo, aliyekuwa ameketi kando na fimbo yake.

"Mama, unamjua huyu?"

"Najua yeye," akasema Hooyo. "Ni mgeni wangu. Niliweka kidole kwa karatasi ya serikali, na mimi siambii serikali uongo. Kama yeye ni kitu ingine, aseme mwenyewe."

Mwandishi wa kamati akaacha kuandika. Muhuri wangu ulibakiza siku tisa tu. Hooyo akishikilia neno lake, ningepanda ndege, naye angebaki peke yake na macho yale. Nikasimama. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote na sikuyafuta.

"Mimi si mgeni," nikasema. "Mimi ni Asha, mtoto wake wa kumzaa. Niliona haya kuulizwa kwetu ni wapi, nikakubali kuitwa mgeni ili nisiulizwe. Na nilimwekesha mama yangu kidole bila kumwambia ukweli. Nisamehe, Hooyo."

Mzee Guyo akaelekeza kidole sakafuni, pale nilipokuwa nimesimama.

"Baba yako alisimama hapo umesimama," akasema. "Mimi nilikuwa kijana, nilimwona. Ulifikiria yeye aliaibika? Alikuwa anataja kwake, watu wasikie. Sisi ndio tulifaa kuona aibu kumuuliza."

Hooyo akagonga fimbo chini, akamwelekea mwandishi.

"Andika basi. Andika huyu ni wangu. Nilimzaa Ijumaa, na tangu hiyo Ijumaa ananisumbua."

Karatasi zilichukua miezi mingine, lakini nikaruhusiwa kukaa nikizisubiri. Hooyo aliishi miaka minne tena, na sikukosa hata siku moja ya miaka hiyo.

Sasa wewe, mwanangu, unayepanga safari: nenda, riziki haina mpaka. Kabla hujaweka sahihi ya kupata kitu, uliza kwa wanaojua ni kipi unachokiacha. Karatasi yoyote unayomwekesha mzee wako kidole, msomee yote, hata kama aibu yako imo ndani. Na ukiulizwa kwenu ni wapi, hata na mtu asiye na haki ya kukuuliza, taja kwa sauti. Mkataa kwao ni mtumwa, nami nilidhani methali hiyo ni ya wenye kiburi. Kumbe hata mwenye haya hukataa kwao, tena kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia ya kwenda na ya kurudi, akukutanishe na aliyekuzaa angali hai, na akuitapo akuite kwa jina lako. Amin.