Besi Inayopiga Yenyewe

Zamani ukitaka gitaa ulikwenda kwa mwenye gitaa, ukaketi, ukanywa chai yake huku akilipiga ulisikie, siku hizi unamwandikia usiyemjua "bado ipo?", naye anakujibu "ipo", hata salamu hakuna.

Fundi saa mmoja mstaafu alipiga gitaa la besi katika bendi ya mtaani mpaka wenzake wakamwita Mzito. Bendi sasa ilikuwa imebaki na wazee watatu: yeye, mpiga solo na mpiga drami. Jumapili binti wa mpiga drami angekuja kumchukua baba yake akaishi naye mbali, na wazee walikubaliana wapige pamoja kabla hajaondoka. Ila gitaa la Mzito lilikuwa limevunjika shingo, kabati lilipoliangukia.

"Tafuta besi, bwana," mpiga solo alimwambia. "Bila besi tutakuwa suruali bila mkanda."

Mkamwana wa Mzito akamfungulia kwenye simu ukurasa wa matangazo ya vitu vilivyotumika. "Andika unachotaka, baba."

Akaandika: besi. Matangazo yakamwagika, mengine bila picha. Moja lilisema: "Besi nzito, imetumika kidogo, haina tatizo." Nzito! Akaona kama ameitwa jina.

"Ina nyuzi ngapi?" akamwandikia muuzaji.

"Nyaya mbili tu, bosi. Nyekundu na nyeusi."

Akakuna kichwa. Gitaa la besi lina nyuzi nne. Basi mbili zimekatika, akajiambia. Na hizo rangi ni mambo ya vijana.

Muuzaji alikuwa msusi. Saluni yake ilinuka mafuta ya nywele, na kando ya kioo alimwonyesha spika kubwa nyeusi, sanduku zima. Mzito akachungulia nyuma yake.

"Gitaa liko wapi, mwanangu?"

"Gitaa gani tena, babu? Si ulitaka besi? Ndiyo hii. Ukiiwasha, jirani anahama."

"Nilikuuliza nyuzi."

"Nami nikakujibu nyaya."

"Sasa... inapigwaje?"

Wateja wakaangua kicheko. "Haipigwi, babu!" msusi akamjibu. "Inapiga yenyewe."

Alitoka ameduwaa, akapita hata njia ya kwao bila kukata kona. Neno lilikuwa lile lile alilolitamka maisha yake yote. Nani alikuwa amelihamisha, na lini, bila kumwarifu aliyekuwa akiishi ndani yake?

Jumapili akaenda kwa mpiga drami mikono mitupu.

"Tumekutuma besi, umerudi na hadithi," mpiga solo akamcheka, lakini sauti yake ilikuwa imepoa.

Wakapiga hivyo hivyo. Mzito aliketi kando ya drami, vidole vikitembea juu ya paja. Wimbo ulipofika pale besi inapobaki peke yake, wenzake wakanyamaza kwa mazoea, wakamwachia nafasi. Chumba kikawa kimya. Vidole vikaendelea. Mpiga drami, macho kafumba, akaitikia kwa kichwa, kisha akaingia palepale panapotakiwa.

Alikuwa amesikia nini? Mzito alitaka kumwuliza, lakini honi ya binti ilikwisha kulia nje. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona pamoja: mpiga drami akitoka na vijiti kwapani, mpiga solo akimshikia mlango, wote wawili wakiuimba wimbo ule midomo imefumbwa, ile sehemu ya besi.